Uchovu wa Mkunga Hugusa Kila Kaya: Somo Kuhusu Msongo wa Kazi katika Vyumba vya Kujifungulia

Idadi ya wanawake wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya nchini imepanda kwa kasi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila vizazi 100, vizazi 63 vilitokea kituoni. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi hiyo ilifikia 81. Katika kipindi hicho hicho makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Haya ni mafanikio ya wananchi walioitikia wito, ya Serikali iliyojenga vituo na ya watumishi waliopokea wazazi.

Hata hivyo, jengo halimzalishi mama. Kila mzazi anayeacha kujifungulia nyumbani hukabidhi maisha yake na ya mwanawe kwa mtu, naye mara nyingi ni mkunga mmoja aliye zamu. Macho yake yakiwa mazito kwa usingizi, au moyo wake ukiwa umekwisha kukata tamaa na kazi, anayeathirika kwanza ni mzazi aliyelala kitandani. Kwa sababu hiyo msongo na uchovu wa wakunga ni suala la ubora wa huduma, na wakazi wa kata wanalo jukumu la kulifahamu na kuchangia utatuzi wake.

Makala haya yanaeleza maana ya msongo wa kazi na uchovu sugu, vyanzo na dalili zake, namna unavyoathiri utendaji wa mkunga, na hatua zinazoweza kuchukuliwa na uongozi wa kituo, Kamati ya Usimamizi wa Kituo na wakazi wenyewe.

Kazi ya zamu moja

Wakazi wengi humwona mkunga kwa dakika chache, wakati wa kumpokea mgonjwa wao na wakati wa kupewa taarifa ya mtoto. Kazi iliyo kati ya nyakati hizo mbili haionekani kwa walioketi kwenye benchi la nje.

Mama aliyeingia katika uchungu wa kujifungua hufuatiliwa kwa ratiba, na vipimo vyake huandikwa katika chati ya uchungu, yaani patografu. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa. Kila nusu saa pia mkunga huweka mkono juu ya tumbo la mama na kuhesabu, kwa muda wa dakika 10, ni mara ngapi mji wa mimba unakaza na kila mkazo unadumu kwa muda gani. Shinikizo la damu na kufunguka kwa mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa 4, isipokuwa hali ya mama ikidai vinginevyo.

Hesabu ya haraka inatosha kuonyesha uzito wa kazi hiyo. Ikiwa mkunga mmoja ana akina mama 3 wenye uchungu, na kila mmoja anastahili dakika 10 za kuhesabiwa mikazo, dakika 30 zimekwisha. Nusu saa nyingine imeanza, naye anatakiwa kurudi kitanda cha kwanza. Hapo hajaandika chati, hajampima mama mpya aliyefika mlangoni, wala hajamhudumia yule aliyekwisha kujifungua, ambaye katika saa 2 za mwanzo anapaswa kuangaliwa kila baada ya dakika 15 ili kuhakikisha kwamba hatokwi na damu kupita kiasi. Mmoja kati ya wale 3 akianza kusukuma mtoto, ratiba ya wengine wote husimama.

Katika zahanati hali ina sura nyingine. Akina mama wanaojifungua huenda wakawa wachache, lakini muuguzi mkunga yule yule ndiye anayeendesha kliniki ya wajawazito, chanjo za watoto na uzazi wa mpango, anayefunga vidonda na kujaza vitabu vya taarifa vya MTUHA. Jioni hurudi katika nyumba ya mtumishi iliyo hatua chache kutoka zahanati, na usiku hugongewa mlango. Kesho yake saa za kazi huanza kama kawaida, kana kwamba usiku haukuwapo.

Maana ya msongo na uchovu sugu wa kazi

Msongo wa kazi ni hali inayompata mtu pale anapoona kwamba yanayodaiwa na kazi yanazidi nguvu, muda au nyenzo alizo nazo. Si kila msongo ni mbaya. Mkunga anayesikia mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka huamka mwili mzima: moyo wake humwenda mbio, macho hufumbuka, mikono huharakisha. Msongo wa namna hiyo humsaidia kuokoa maisha, ilimradi ukishapita apate kutulia na kupumzika.

Madhara huanza pale msongo usipokatika. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alieleza hali aliyoiona kwa wahudumu wa kujitolea katika kliniki moja ya New York: watu walioanza kazi kwa ari kubwa walikwisha nguvu na kupoteza moyo wa kuhudumia. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo cha hali hiyo, na tangu hapo imechunguzwa katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeieleza kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Shirika hilo haliihesabu kuwa ugonjwa. Huihesabu kuwa hali inayohusiana na kazi.

Uchovu sugu wa kazi una nguzo tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu: mtu huamka akiwa amechoka kama alivyolala. Ya pili ni kujitenga na kazi kimoyo, ambapo mama mwenye uchungu hugeuka kuwa "kitanda namba 4", na maneno ya dharau au kebehi huanza kumtoka mtu ambaye zamani hakuwa nayo. Ya tatu ni kupungua kwa ufanisi, pamoja na hisia kwamba jitihada yoyote haibadilishi kitu.

Tofauti kati ya uchovu wa kawaida na uchovu sugu ni muhimu. Uchovu wa kawaida huondoka kwa usingizi na siku ya mapumziko. Uchovu sugu hauondoki kwa usiku mmoja, kwa kuwa chanzo chake kiko katika mpangilio wa kazi yenyewe, na mtumishi akirudi kazini hukikuta pale pale alipokiacha.

Vyanzo vikuu

Chanzo cha kwanza ni upungufu wa wakunga. Ripoti ya hali ya ukunga duniani ya mwaka 2021, iliyotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, Shirika la Afya Duniani na Shirikisho la Kimataifa la Wakunga, ilikadiria kwamba dunia ilikuwa na upungufu wa wakunga 900,000, na kwamba Afrika ndiyo iliyoathirika zaidi. Pale wazazi wanapoongezeka kituoni huku idadi ya watumishi ikibaki ile ile, ongezeko hilo hubebwa na migongo ya waliopo.

Chanzo cha pili ni kubeba wajibu mkubwa bila mamlaka wala nyenzo. Mtafiti Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye madai makubwa huku mfanyakazi akiwa na nafasi ndogo ya kuamua jinsi ya kuyakabili. Maelezo hayo yanamfaa mkunga wa zahanati. Anatambua kwamba mama anahitaji upasuaji, lakini gari la rufaa halijafika. Anajua dawa inayotakiwa, lakini kabati ni tupu. Glavu zinapokwisha, yeye ndiye anayelazimika kuwaeleza ndugu habari hiyo, na lawama zote humwangukia yeye ingawa si yeye anayeagiza vifaa.

Chanzo cha tatu ni usiku. Mwili wa binadamu umeumbwa kulala gizani, na kukesha mfululizo hudhoofisha uwezo wa kufikiri. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na uwezo wa kutenda kwa kiasi kinacholingana na cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Jamii isiyokubali kupanda basi linaloendeshwa na dereva mlevi inapaswa kujiuliza kama ni salama kumkabidhi mzazi kwa mkunga aliyekesha jana na leo. Pamoja na usingizi upo woga: kituo kisicho na taa za nje, uzio wala mlinzi humfanya mkunga apokee wageni wa usiku wa manane akiwa na hofu ya usalama wake.

Chanzo cha nne ni majonzi. Mkunga hushuhudia furaha nyingi, lakini pia hushika mikononi mtoto aliyezaliwa bila uhai, na mara nyingine humfumba macho mama ambaye saa moja kabla alikuwa akizungumza naye. Familia ina msiba na majirani wa kuifariji. Mkunga ana mama mwingine kitandani anayemsubiri. Asipopata mtu wa kuzungumza naye, na hasa ikiwa anachokabiliwa nacho ni maswali ya kumtafuta mwenye kosa, jeraha hilo hubaki ndani na kuongezeka kwa kila tukio.

Chanzo cha tano kiko nyumbani. Wengi wa wakunga ni wanawake, na zamu inapokwisha kituoni, nyingine huanza jikoni, kisimani na kwa watoto. Mkunga aliyetoka zamu ya usiku na kukuta kazi za nyumbani zikimngoja halali; hubadilisha tu mahali pa kufanyia kazi.

Dalili za kutambua mapema

Mtumishi mwenyewe, wenzake na msimamizi wake wanaweza kuona dalili zifuatazo:

Katika mwili: kukosa usingizi hata katika siku za mapumziko, maumivu ya kichwa na mgongo yasiyoisha, na kuugua mara kwa mara.

Katika hisia: hasira za haraka, kulia bila sababu ya wazi, kutojali mambo yaliyokuwa yakimgusa, na kuogopa kufika kazini.

Katika kazi: kuchelewa au kutofika, chati zilizojazwa kwa mkupuo baada ya mama kujifungua, kusahau hatua zilizozoeleka, kukwepa wagonjwa, na lugha kali.

Dalili moja peke yake haithibitishi jambo. Zinapoonekana kadhaa kwa wiki nyingi, msimamizi anapaswa kuzungumza na mtumishi huyo faraghani kwa nia ya kumsaidia. Dalili za sonona, na hasa mtu kusema kwamba haoni sababu ya kuishi, zinahitaji apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili bila kuchelewa.

Athari kwa utendaji na kwa usalama wa mzazi

Kazi ya ukunga ina nyakati ambazo dakika moja ina thamani kuliko saa nzima. Mtoto aliyezaliwa bila kupumua anatakiwa kukaushwa, kuchangamshwa na, ikibidi, kuanza kusaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Mama anatakiwa kuchomwa sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa, ili mji wa mimba ukaze na damu isitoke kwa wingi. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndicho chanzo kikuu cha vifo vya uzazi duniani, na mwanamke aliyekuwa na afya njema anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache.

Hatua hizo hazimshindi mkunga aliyefunzwa. Zinachohitaji ni umakini, kumbukumbu na mikono ya haraka, na hivyo vitatu ndivyo vinavyoathiriwa kwanza na uchovu. Mkunga aliyechoka huweza kupitiwa na nusu saa bila kusikiliza moyo wa mtoto, au kuona shuka imelowa damu na kudhani ni kiasi cha kawaida. Huweza pia kuchelewa kuamua rufaa kwa kuwa kila uamuzi umekuwa mzito.

Yapo pia madhara yasiyoonekana haraka. Watumishi waliochoka huomba uhamisho au huacha kazi, na wanaobaki huongezewa mzigo ambao utawachosha nao. Wazazi waliosikia habari za ukali wa kituo fulani huchelewa kwenda, au hujifungulia nyumbani. Hivyo mafanikio yaliyopatikana kwa miaka mingi yanaweza kuanza kurudi nyuma bila jengo hata moja kufungwa.

Uchovu hauhalalishi matusi

Hapa ndipo mjadala wa wakazi huwa mgumu, nao haupaswi kukwepwa. Wapo akina mama waliofokewa, waliodharauliwa, au waliopigwa kofi wakiwa katika uchungu. Utafiti uliofanyika katika vituo 8 vya mkoa wa Tanga na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban asilimia 19 ya wanawake waliohojiwa wakitoka kituoni walisema walitendewa vibaya kwa namna moja au nyingine. Sehemu yao walipofuatwa nyumbani wiki 5 hadi 10 baadaye, kiwango kilifika asilimia 28. Tofauti hiyo yenyewe ni funzo: mama huogopa kusema angali karibu na waliomhudumia.

Mzazi ana haki ya kuheshimiwa, kusitiriwa, kuelezwa anachofanyiwa na kukubali au kukataa. Haki hiyo haipungui kwa sababu mkunga alikesha. Lakini anayetaka matusi yakome hana budi kuangalia yanapoanzia. Kumwadhibu mtumishi mmoja na kumweka mwingine katika zamu ile ile isiyo na msaidizi huleta jina jipya katika malalamiko yale yale.

Mfano ufuatao si wa kituo chochote mahususi, ila wasomaji wengi watautambua. Mama anafikishwa saa 9 usiku kwa pikipiki, mtoto akiwa karibu kutoka. Hana kadi ya kliniki. Ndugu 5 wanajaza mlango na kila mmoja anazungumza. Mkunga, aliye peke yake na aliyetoka kumfunga nyuzi mama mwingine, anapaza sauti: "Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Ndugu wanakumbuka ukali huo mwaka mzima. Mkunga anakumbuka kwamba hakujua kundi la damu la mama yule, wala kama alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba angeulizwa yeye kama lolote lingetokea. Maneno yake hayakuwa na adabu, na anapaswa kuambiwa hivyo. Familia nayo ilikuwa na miezi 9 ya kujiandaa, na inapaswa kuambiwa hivyo pia.

Mkoa huo huo wa Tanga ulionyesha kwamba mabadiliko yanawezekana. Katika wilaya moja wakazi na watumishi walikaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma unaotaja haki na wajibu wa kila upande. Kisha watumishi wa wodi ya wazazi wakarekebisha wenyewe mambo madogo yaliyo ndani ya uwezo wao, kama kuweka mapazia na kupima maoni ya akina mama waliotoka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66 ukilinganishwa na wilaya ya jirani isiyokuwa na mpango huo.

Wajibu wa uongozi wa kituo na wa mwajiri

Hatua ya kwanza ni ratiba ya haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na angalau saa 24 za mapumziko kila wiki. Pale watumishi walivyo wachache, ratiba inahitaji kuandikwa mapema, kubandikwa hadharani na kugawa zamu za usiku kwa usawa, ili asiwepo anayebeba usiku wote kwa kuwa ni mgeni au mpole.

Hatua ya pili ni mafunzo mafupi ya mara kwa mara kazini. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilibainika kwamba mafunzo ya siku moja kuhusu kumsaidia mtoto asiyepumua yaliongeza ujuzi wa watumishi katika mazoezi, lakini hayakubadili ya kutosha walichofanya katika chumba cha kujifungulia. Yalipowekwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua. Mazoezi hayo yana faida ya pili: mkunga anayejua mikono yake itafanya nini hupungukiwa na hofu, na hofu ni sehemu kubwa ya msongo.

Hatua ya tatu ni kushughulikia vifo bila kuwinda wa kulaumiwa. Mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga yamewekwa ili kujifunza kilichokosekana katika mfumo mzima, tangu nyumbani hadi hospitali ya rufaa. Kikao kikigeuzwa kuwa baraza la kushtaki, watumishi hujifunza kuficha, na kilichosababisha kifo hubaki pale pale. Aidha, msimamizi anapaswa kumpa mtumishi aliyefiwa na mgonjwa nafasi ya kupumua na kuzungumza kabla ya kumrudisha kitandani.

Hatua ya nne ni shukrani na mambo madogo ya utu: chai ya usiku, mahali safi pa kupumzikia, taa inayowaka, choo kinachofungika. Gharama yake ni ndogo, na mtumishi huyasoma kuwa ushahidi kwamba anaonekana.

Wajibu wa Kamati na wakazi

Kamati ya Usimamizi wa Kituo ina wajumbe wanaotoka miongoni mwa wakazi. Tangu utaratibu wa kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za vituo ulipoanza mwaka wa fedha 2017/18, kamati hizo zimekuwa na sauti katika mpango na bajeti ya kituo. Mjumbe anaweza kuuliza katika kikao: zamu ya usiku ina watu wangapi? Ni vifaa gani vya kujifungulia vilivyokwisha mwezi huu, na kwa siku ngapi? Mlinzi yupo? Maswali hayo yakiandikwa katika muhtasari, Mganga Mkuu wa Halmashauri hupata msingi wa kugawa watumishi na vifaa.

Kwa upande wa kaya, yapo mambo matano yanayopunguza mzigo wa mkunga na papo hapo kumlinda mzazi.

1. Mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki ya 12 na akamilishe mahudhurio 8. Mkunga anayempokea mama mwenye kadi iliyojaa anajua tayari hatari za kuangalia.

2. Familia iandae mapema usafiri, fedha kidogo, nguo za mtoto na mtu wa kuchangia damu. Dharura ya uzazi inapotokea, namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa bila malipo ili kuratibu usafiri wa mama au mtoto mchanga.

3. Mama afike kituoni uchungu unapoanza, bila kusubiri usiku uingie na mtoto akaribie kutoka.

4. Mama aje na msindikizaji mmoja aliyemchagua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mzazi awe na msindikizaji wakati wa kujifungua, pale mazingira ya kituo yanapowezesha faragha ya akina mama wengine. Msindikizaji humfariji mama, humkanda mgongo, humpa maji na kumwita mkunga mambo yanapobadilika. Ndugu 5 mlangoni hawafanyi kazi hiyo.

5. Malalamiko na pongezi vitolewe kwa njia iliyo wazi: kwa mganga mfawidhi, sanduku la maoni, Kamati ya kituo, Mtendaji wa Kata au mkutano wa kijiji. Lalamiko litaje siku, saa na jambo lililotokea. Kumrekodi mtumishi kwa simu na kumsambaza mitandaoni hakumsaidii mama aliyeumizwa, na huweza kufichua siri za wagonjwa wengine waliomo wodini.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo hutumiwa kuonya dhidi ya kumdharau mtu ambaye bado anahitajika, na kwa wakazi wa kata maana yake ni ya moja kwa moja: uzazi ungalipo katika kila kaya, na mkunga wa kesho ni yule yule anayechoka leo. Kumheshimu ni pamoja na kumdai huduma bora na kumwezesha kuitoa.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya vitongoji na vikundi

1. Katika kituo kinachohudumia kata, ni mkunga mmoja au zaidi anayekuwa zamu usiku? Nani ameuliza, na alijibiwa nini?

2. Wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo ni akina nani, na lini walitoa taarifa kwa wakazi mara ya mwisho?

3. Ni sababu zipi zinazowafanya akina mama wa kitongoji kuchelewa kufika kituoni, na ipi kati yake inaweza kuondolewa na wakazi wenyewe bila kusubiri bajeti?

4. Mama aliyetendewa vibaya anajua pa kusemea bila kuogopa? Kama hajui, nani atamweleza?

5. Ikiwa wakazi na watumishi wangeandika mkataba wa huduma, ni mambo gani matatu ambayo kila upande ungeahidi kuyatimiza?